Bembea Zilizofungwa Mnyororo

Mtu wa rika langu akianza kusifu Nakuru ya miaka ya hamsini, jinsi barabara zilivyofagiwa na jinsi watoto walivyokuwa na bustani za kuchezea, mimi humkatiza. Humwuliza: watoto gani? Wengine huona nimekosa adabu. Mwaka jana, kwenye matanga ya jirani, mzee mmoja aliniambia mambo hayo yalikwisha, tuyaache. Nikamwambia yeye anaweza kuyaacha. Mimi nilikuwapo, na nina hasira mpaka leo, wala si hasira kwa wazungu peke yao.

Baba yangu alifanya kazi reli. Aliunganisha mabehewa pale stesheni, kazi ya kuingia katikati ya behewa na behewa na kutoka ukiwa bado na vidole vyako vyote. Kwetu kulikuwa mbali, upande wa magharibi, lakini sisi watoto watatu tulizaliwa kwenye nyumba za reli tulizoziita landi: safu ndefu za vyumba vya mawe, chumba kimoja kwa kila familia, bomba moja la maji kwa safu nzima. Mimi nilikuwa kifungua mimba. Katika Desemba ninayoisimulia nilikuwa na miaka tisa.

Baba alipenda kututembeza. Jumapili akiwa hana zamu, tukishatoka kanisani, alivaa koti lake, mama akajifunga kitambaa kipya kichwani, tukashika njia. Mama alibeba kikapu chenye viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya chai iliyozongwa kwa gazeti isipoe. Tulipita stesheni, tukapita maduka ya Wahindi yaliyofungwa, tukafika kwenye bustani ya wazungu.

Bustani ile ilizungushiwa ua wa kayaba, miiba yake mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Ndani kulikuwa na nyasi zilizonyweshwa maji hata wakati wa kiangazi, na bembea nne, na bati refu la kuteleza. Langoni palikuwa na kibao. Nilikuwa nimeanza kusoma, kwa hiyo nilikisoma mwenyewe. Mwafrika pekee aliyeruhusiwa kuingia ni yaya aliyekuja na mtoto wa kizungu, naye alikaa chini, hakukaa kwenye benchi. Sisi tulisimama mahali ambapo kayaba ilikuwa imekauka kidogo na kuacha upenyo, tukatazama. Baba alitupa muda. Kisha alisema, “Haya, twendeni tukaone ndege,” kwa sauti ya mtu aliyekuwa na safari yake tangu mwanzo.

Ndege wenyewe ni flamingo wa ziwani. Ni kweli walikuwa wengi mpaka ukingo wa maji ukawa mwekundu, na ni kweli hatukulipa kitu. Lakini Desemba upepo ulitoka ziwani umebeba vumbi jeupe la magadi, likaingia machoni na kwenye viazi. Tulikula viazi vyenye chumvi ya magadi tukiwa tumegeuzia upepo migongo. Kule nyuma bustanini, wenzetu wa kizungu walikuwa kwenye nyasi. Mama hakuwahi kulalamika mbele yetu. Alikuwa akitupangusa macho kwa ncha ya leso, mmoja baada ya mwingine, tena kwa nguvu kupita kiasi, na mimi nilijua nguvu ile haikuwa kwa ajili yangu.

Basi ikasikika kwamba baraza la mji litajenga uwanja wa watoto wa Kiafrika. Hatukuamini. Halafu wakaja wafungwa na majembe, wakasawazisha kile kiwanja kati ya landi na nyumba za manispaa. Kikazungushiwa waya. Zikaletwa bembea tatu, bati la kuteleza, na ubao wa kukalia wawili, huyu akipanda yule akishuka. Kila kitu kilipakwa rangi ya kijani. Tuling'ang'ania waya kutwa nzima, tukanusa rangi.

Siku ya ufunguzi karani wa baraza wa ustawi wa jamii alipita landi kuchagua watoto. Alikuwa Mwafrika kama sisi, kijana wa suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakata, mwenye ofisi ndogo kwenye ukumbi wa jamii. Alichagua watoto kumi na wawili wasio na vidonda miguuni. Nilichaguliwa mimi, na akachaguliwa rafiki yangu wa chumba cha tatu kutoka kwetu. Tuliogeshwa tena kule ukumbini, kana kwamba mama zetu hawakutuogesha, tukavishwa magauni meupe, na wavulana mashati meupe. Sijapata kuvaa nguo iliyonukia vile.

Mke wa bwana mkubwa mmoja akaja, akakata utepe. Tukapandishwa kwenye bembea. Mpiga picha akasema tucheke. Nilisukumwa mara tatu, nazikumbuka zote tatu: mara ya kwanza nilifumba macho, ya pili niliona bati za landi, ya tatu niliona mlima Menengai. Kisha karani akashika kamba ya bembea, akasema, “Basi. Shukeni.”

Wageni walikunywa chai, wakaondoka. Sisi tukapelekwa ukumbini tukavuliwa yale magauni. Walituvua pale pale, wakayahesabu, wakayatia kwenye sanduku. Nilirudi nyumbani na gauni langu la kila siku nimelivaa nyuma mbele kwa haraka na aibu. Tulipopita tena uwanjani, karani alikuwa amepitisha mnyororo kwenye bembea zote tatu na kuzifunga kwa kufuli. Lango nalo lilikuwa na kufuli lake.

Tulidhani ni kwa siku ile. Ikapita wiki, zikapita mbili. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto tumejaa landi kama kuku, na uwanja uko pale mbele ya macho yetu, kijani, kimya. Ulifunguliwa mara moja tu, walipokuja wageni wengine. Magauni yakatoka sandukuni, picha ikapigwa, mnyororo ukarudi. Mdogo wangu mmoja alipita chini ya waya ili ateleze kwenye lile bati, askari wa baraza akamchapa fimbo za miguu mpaka akashindwa kuvaa viatu.

Siku hiyo mama alikwenda kwa karani, akanichukua na mimi. Tulimkuta anasoma gazeti.

“Bwana karani,” mama alisema, “nimekuja kuuliza. Ule uwanja ni wa nani?”

“Ni wa watoto wa Kiafrika, mama. Si ulisikia hotuba?”

“Nilisikia. Ndiyo maana nauliza. Wangu amechapwa kwa kuingia kwenye kitu chake.”

Karani akakunja gazeti polepole. “Mama, nyinyi hamjui vitu hivi. Watoto wenu wakiachiwa, baada ya siku mbili hakuna bembea. Itakuwa ni kamba na vyuma vya kuuza. Mimi ndiye nitaulizwa.”

“Kwa hiyo zitafunguliwa lini?”

“Zitafunguliwa watu wakistaarabika.”

Mimi nilimwangalia mama. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani kwa ajili ya mtu huyu. Akasema, “Wa kwako wako wapi, bwana karani?”

“Bado sijaoa.”

“Ninaona,” mama akasema, akanishika mkono tukatoka.

Baba aliandika barua. Alikuwa na mwandiko mzuri, na aliiandika mara tatu mpaka ikakosa doa. Haikujibiwa. Mama alimwambia aandike nyingine, akakataa. “Nyumba hii si yetu,” alisema. “Ni ya reli. Nikionekana mkorofi, tutalala wapi?” Hakuwa mwoga. Ninajaribu kumtendea haki. Lakini nilimwona akikunja karatasi zilizobaki na kuziweka ndani ya Biblia, na niliona haya kwa ajili yake, kitu ambacho mtoto hapaswi kulazimishwa kukiona.

Sasa nimfikie mama wa rafiki yangu. Alikuwa mjane. Mumewe alikuwa fundi wa reli, na alipokufa mkubwa mmoja wa stesheni alimruhusu abaki kwenye chumba kile kwa sababu aliwapikia wafanyakazi uji. Kabla jua halijachomoza alikuwa tayari langoni pa bohari ya reli na sufuria yake kubwa na vikombe vya bati. Alikuwa Mkikuyu, na nyakati zile za hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na Wakikuyu walioingia msituni, jambo hilo lilitosha kuharibu maisha ya mtu. Jamaa zake wote wa mjini walikuwa wamepakiwa kwenye malori na kurudishwa makwao milimani, kwenye maeneo ya Wakikuyu yaliyoitwa reserve. Yeye alikuwa amehojiwa mara mbili, akapewa pasi, kibali chenye muhuri cha kukaa mjini, akaitunza kwenye mfuko mdogo aliouning'iniza shingoni. Hata akienda bombani alikuwa nao.

Alikuwa mcheshi, mwenye sauti nene. Alimwita mama yangu “jirani”, mama akamwita “dada”. Jioni moja wanawake walikuwa wanachambua maharagwe nje, wakimsema yule karani, na yeye akacheka.

“Mnasema tu,” alisema. “Kesho kutwa wanakuja wageni tena. Nimewaona wanapaka mawe chokaa pale langoni.”

“Na sisi tufanye nini?” mmoja akauliza.

“Tupike. Tufunge chakula, tuwachukue watoto, tuingie na wageni. Wageni wakitoka, sisi bado tunakula. Nani atamtoa mtu kwenye chakula?”

Walicheka wote. Halafu kicheko kikaisha na wakaanza kutazamana. Mama yangu ndiye aliyesema, “Mimi nitaleta viazi.” Mwingine akasema ataleta githeri, mahindi na maharagwe, mwingine chapati, na mwisho walikuwa wanawake kumi na wawili. Nataka idadi hiyo ikumbukwe. Mjane alileta wazo, lakini aliyesema “nitaleta” kwanza ni mama yangu.

Jumamosi ikafika. Wageni walikuja kwa magari mawili: bwana mmoja wa serikali mwenye kaptura, mzungu mwingine mwenye kamera, na memsaab, mwanamke mzee wa kizungu mwenye kofia ya majani. Watoto wa magauni meupe walipangwa. Mimi safari hii sikuchaguliwa, nilikuwa na kidonda gotini. Lango lilipofunguliwa, mama zetu wakaja kwa mstari, vikapu kichwani, watoto wachanga mgongoni, sisi wengine tumeshika nguo zao. Waliingia kama watu walioalikwa, wakatandika leso kwenye nyasi na kuanza kufungua vyakula.

Karani alikuja mbio. “Nini hii? Nani amewaambia?”

Lakini memsaab alikuwa amekwisha kutuona. Alipiga makofi. Alisema kitu kwa Kiingereza na uso wake ukang'aa, kisha akaja pale tulipokaa. Yule bwana wa kaptura akatafsiri kwa Kiswahili chake: “Memsaab nasema hii mzuri sana. Nyinyi nakula pamoja na toto. Mzuri sana.”

“Karibu, memsaab,” mjane akasema, akampa kipande cha kiazi. Memsaab akakila. Picha ikapigwa. Karani alisimama nyuma yao na tabasamu ambalo lilikuwa kama limebandikwa kwa gundi.

Magari yalipoondoka, akarudi na ufunguo. “Haya, inukeni. Nafunga.”

“Tunakula, bwana karani,” mjane akasema bila kuinuka.

“Nasema nafunga!”

“Funga. Sisi tuko ndani.”

Askari wa baraza alimtazama karani, akatazama wanawake kumi na wawili na watoto wasiohesabika, akaenda kusimama kivulini. Karani naye akaingia ofisini kwake na kujibanza huko.

Mchana ule sijaupata tena. Tulicheza bila mtu wa kusema basi. Tulipanga foleni wenyewe, wadogo mbele, kila mmoja misukumo kumi, na aliyezidisha alitolewa. Hakuna kilichovunjika. Rafiki yangu alikuwa na njia yake ya kubembea akiwa amesimama, magoti yakikunjuka na kukunjika, mpaka mama yake akapiga kelele kwamba atakufa, na yeye akazidi. Mama yangu, mtu mzima, mwenye watoto watatu, aliteleza kwenye bati. Wanawake walilia kwa kucheka. Alipofika chini alikaa pale kidogo, leso imemtoka kichwani, akasema, “Kumbe ndivyo.” Saa kumi na moja tulikunja vitu vyetu, tukaokota hata maganda ya viazi, tukatoka kwa hiari yetu.

Jumatatu asubuhi likaja lori.

Walikuwa askari sita na mzungu mmoja kijana, shingo imemwiva kwa jua. Karani alikuwa nao. Wanawake waliambiwa wasimame mbele ya milango yao. Mzungu akasema Jumamosi kulikuwa na mkutano bila ruhusa, na anataka kujua nani aliuitisha.

Mama yangu akasema, “Haukuwa mkutano, bwana. Tulikuwa tunakula viazi.”

“Nani ilisema watu ikuje?”

“Sisi sote.”

Karani akasonga mbele. Hakutazama mtu yeyote usoni. Alinyoosha kidole kwenye chumba cha tatu. “Ni huyu,” alisema. “Huyu ndiye aliyewachochea. Tazama kabila lake.”

Mjane alitoa mfuko wake shingoni, akatoa pasi, akaifungua vizuri. “Nimehojiwa mara mbili,” alisema. “Muhuri huu hapa.”

Kijana wa kizungu aliichukua, akaitia mfukoni mwake bila kuisoma. Naapa hakuisoma. “Wewe narudi reserve,” alisema. “Funga vitu. Nusu saa.”

“Bwana,” mama yangu akaanza.

“Wewe nyamaza. Wewe si ile watu. Unataka kwenda na yeye?”

Mama alifungua kinywa. Baba alikuwa ametoka zamu ya usiku, amesimama nyuma yake mlangoni na nguo za grisi. Alimwekea mama mkono begani tu, na mimi nikaona bega la mama linashuka. Akanyamaza. Wale wengine kumi walikuwa wamenyamaza tangu mwanzo.

Nusu saa haitoshi kufunga nyumba. Mjane alitoka na godoro, kibunda cha nguo, na binti yake. Rafiki yangu alikuwa amevaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, ili zisibebwe. Uji ulikuwa bado uko motoni. Askari mmoja alijichotea kikombe akanywa wakati mama na binti wanapanda lorini. Mimi nilikimbia mpaka nyuma ya lori nikamwambia rafiki yangu nitamwandikia, na yeye akaniuliza, “Utaandika wapi?” Sikujua. Hata jina la kijiji chao sikulijua. Tulikuwa tumeishi milango mitatu kutoka kwao maisha yetu yote.

Haukupita muda, uwanja ukafunguliwa. Ikaletwa amri kwamba bembea ziwe wazi kila siku, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Yule memsaab alikuwa amesifu alichokiona, picha ikatoka gazetini, akina mama na viazi vyao, na chini yake maneno ya kumpongeza karani kwa kuwaleta wanawake wa Kiafrika karibu na maendeleo. Alipandishwa cheo. Mchungaji wetu alimtaja kwenye maombi. Katika picha ile mjane alikuwa katikati, mkono umenyooshwa na kiazi, na hakuna aliyeandika yeye ni nani wala yuko wapi.

Na landi? Hapo ndipo nashindwa kusamehe. Wanawake wale wale walipeleka watoto wao kubembea. Bombani niliwasikia: “Alijitakia mwenyewe, kwa nini mtu mwenye pasi ajitokeze mbele?” Mama aliweka ndoo chini. “Nani kati yenu aliyesema hataki kwenda?” aliuliza. “Chapati zako ulimpikia nani?” Wakamwambia apunguze sauti. Hawakumsemesha mwezi mzima, wala yeye hakujali.

Mimi pia nilibembea, siwezi kulificha. Nilikaa siku nne, ya tano nikaenda, kwa sababu nilikuwa na miaka tisa na bembea zilikuwa wazi. Mama alinikuta kwenye foleni. Nilingoja kofi. Alinitazama tu, akasema, “Cheza. Zimelipiwa,” akaenda zake. Kofi lingekuwa nafuu.

Alijaribu kuulizia. Alikwenda ofisi ya wilaya mara mbili akaambiwa hayo hayamhusu. Baba, bila kusema na mtu, aliwauliza wenzake wa treni waulize wenzao wa njia ya milimani. Nilikuja kujua hivyo baadaye sana, na ndipo nikaelewa kwamba mkono ule begani ulikuwa umemwuma na yeye. Jibu lilichukua zaidi ya mwaka. Mjane alikuwa hai, kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki watu wasitoke, akipelekwa kuchimba matuta kila asubuhi. Binti alikuwa hai.

Miaka ya mwisho ya hamsini, watu walipoanza kuruhusiwa kusafiri, mwenzake baba alileta habari kwamba mjane atapita Nakuru kwa treni, anakwenda kwa kaka yake upande wa Molo. Mama alipika tangu alfajiri. Tulikwenda stesheni mimi na yeye. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, darasa la juu kuliko yeyote wa landi, na nilikuwa nimefikiria la kumwambia rafiki yangu.

Hakuwepo. Mjane alikuwa peke yake dirishani, behewa la tatu. Alikuwa amekonda, sauti tu ndiyo ilikuwa ile ile. Binti alikuwa ameolewa, alisema. Alikuwa rika langu. Nilikuwa bado na soksi za shule.

Mama alimpa kikapu. Walishikana mikono dirishani wakaulizana habari za afya, za mvua, za safari. Kisha mjane akauliza, “Na yule karani?”

“Alipandishwa cheo. Yuko Nairobi.”

“Nilijua.” Akatikisa kichwa, karibu acheke. “Na watoto, wanacheza?”

“Wanacheza,” mama akasema, na machozi yakamtoka. “Dada, nisamehe. Siku ile nilitaka kusema.”

“Ulisema,” mjane akajibu. “Wewe ulisema mara tatu. Nilikuwa nahesabu. Mlikuwa kumi na mmoja, jirani. Kama mngesema wote kumi na mmoja kwamba na nyinyi mmo, wangetupeleka wapi sote? Lori moja lisingetosha.”

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyelifikiria jambo hilo kwenye matuta kila siku kwa miaka, akafikia jibu. Filimbi ikapigwa. Mjane akamshika mama shavu, akamwambia ampe baba salamu kwa kuwatuma wenzake wamwulizie, na treni ikaanza kwenda.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mbele ya uwanja, wale wanawake wa landi walikuwa wamekaa nje ya waya wakiwangoja watoto wao. Mmoja akamwuliza mama ametoka wapi na nguo nzuri hivyo. Mama akasimama, akawaambia wote, kwa sauti ya kusikika mpaka bombani, ametoka kuonana na nani na ameambiwa nini, neno kwa neno. Mmoja alianza kusema kwamba hayo ni ya zamani.

“Bado sijamaliza,” mama akasema, akaendelea.